Kazi Huchaguliwa kwa Taabu Yake

Miongoni mwa mambo ambayo kijana hulazimika kuyakatia shauri kabla ya kupata uzoefu wa kuyakatia, sijui lililo zito kuliko kuchagua kazi. Ndoa ni jambo kubwa, lakini ina wazee wa pande mbili wanaoiangalia. Safari ni jambo la hatari, lakini ina nahodha aulizwaye. Ama kazi, ambayo mtu atakuwa nayo mchana kutwa kwa miaka thelathini au arubaini, aghalabu huachiwa fahari ya watu na hofu ya njaa ziamue, na mwenyewe huja kuitambua hukumu iliyotolewa wakati mvi zimekwisha kumwota. Nimejaaliwa umri wa kuona wenzangu wa hirimu moja wakiingia katika kazi zilizowapokea na katika kazi zilizowakataa, na mimi nimebisha hodi milango kadha kabla ya kuufikia wa kwangu. Basi naona ni haki ya vijana wanaokuja nyuma niwaandikie yale niliyoyamaizi, wayapime kwa akili zao, wachukue yatakayowafaa.

Nilikulia Tanga katika miaka ya 1950. Mkonge, ulioletwa kutoka Florida mwaka 1893 ukafika nchini na miche 62 tu iliyo hai, ulikuwa umekwisha kuenea nyuma ya mji kwa safu zilizonyooka hadi macho yanapoishia, na Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa kuuza nyuzi zake. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hamali bandarini. Meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, mizigo ikapelekwa kwa matishali, na kazi yake ilikuwa kuyahamisha marobota ya mkonge kutoka ghalani mpaka tishalini. Kila magharibi alirudi nyumbani na nyuzi nyeupe za katani zimemng'ang'ania shingoni, mama akamkanda mgongo kwa mafuta ya nazi kabla ya chakula. Kwa mtu wa maisha hayo karani alikuwa kiumbe wa daraja nyingine. Kanzu yake ilipigwa pasi, koti lake lilikuwa safi, kalamu ya wino ilichungulia mfukoni, na alipopita barazani watu walisogea kumpisha. Baba aliponitazama nikisoma usiku kwa taa ya kibatari alikuwa na dua moja tu, kwamba nipate meza.

Mimi nilikuwa na dua yangu. Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi lililochukua boriti na chokaa baina ya Tanga, Pemba na Unguja, na machoni pangu hapakuwa na kitu kizuri kuliko tanga lake linapopandishwa na kujaa upepo wa kusi. Nilijua majina ya kila sehemu ya chombo, omo na tezi, foromali na mlingoti, na nilikuwa na yakini kwamba ujuzi wa majina yale ulikuwa ushahidi wa kutosha kuwa nimezaliwa kwa ajili ya bahari. Likizo moja ya skuli mjomba alikubali kunichukua, na mara tulipotoka nje ya ghuba akanipeleka mahali ambapo watazamaji wa pwani hawapaoni, yaani ngamani, kuyafua maji. Huko chini mlikuwa na giza, na harufu ya mafuta ya sifa yaliyopakwa mbao ilichanganyika na uvundo wa maji yaliyolala. Chombo kiliinama upande huu na upande huu, na kila maji yaliyotolewa yalifuatwa na mengine. Pamoja nami alikuwa baharia mmoja wa umri wangu. Nilipopewa ruhusa ya kupumzika nilipanda juu kwa shukrani. Yeye alipopewa ruhusa hiyo hiyo alikunywa maji, akachungulia mshono wa mbao uliokuwa ukivuja, akarudi ngamani bila ya kuitwa kwenda kuutazama kwa karibu.

Mjomba aliyaona hayo yote. Tulipokuwa tukila wali na papa usiku ule akaniambia kwa upole, "Mpwa wangu, chombo hupendwa na kila aliyesimama pwani. Ukitaka kujua kama ni chako, jiulize ukiwa ngamani." Nikajiuliza, na jibu lilinijia wazi, kwamba niliipenda bahari kwa macho, na mapenzi ya macho hayamlishi mtu wala hayamstahimilishi. Nilirudi Tanga bila ya huzuni. Maneno yale ya mzee asiyesoma skuli hata siku moja yamekuwa mizani yangu tangu siku ile mpaka leo, na kila nitakalolisema baada ya hapa ni tafsiri yake.

Nilipomaliza darasa la nane dua ya baba ilikubaliwa, nikapata meza katika ofisi ya shamba moja la mkonge. Wafanyakazi walihesabiwa kwa vipande: kila mtu alikuwa na kadi yenye nafasi za siku 30, kila siku aliyoitimiza kazi yake ilitiwa alama, na mshahara ulitoka siku zote 30 zilipokamilika. Manamba, yaani vibarua wa mikataba, walikuja kutoka mbali, Kigoma na Songea, Msumbiji na Ruanda-Urundi, na majina yao yaliandikwa na makarani ambao masikio yao hayakuyazoea. Siku moja akaja mtu mzima wa Kigoma kudai ujira wake, akaambiwa hajatimiza siku. Alikuwa amehamishwa kutoka kundi la wakataji akapelekwa korona, kwenye mtambo wa kukamulia majani, na huko akapewa kipande kipya. Katika kipande cha kwanza jina lake lilianza kwa herufi Nt, katika cha pili kwa herufi Mt, na kwa hivyo daftari lilimfanya kuwa watu wawili, kila mmoja ana nusu ya siku zake, wala hapana hata mmoja anayestahili kulipwa. Aliyekuwa juu yetu alisema daftari limekwisha kufungwa. Nikaomba ruhusa ya kubaki, nikawasha karabai, nikaviweka vipande vile viwili ubavuni mwa orodha ya mikataba, nikalifuata jina lile silabi kwa silabi mpaka nikampata mtu mmoja mahali palipoandikwa wawili. Asubuhi alilipwa.

Watu waliisifu huruma yangu, na huruma ilikuwapo, sikatai. Lakini nilipojichungulia kwa insafu niliona jambo jingine. Hesabu za shilingi na senti, ambazo ndizo zilizokuwa kiini cha meza ile, nilizifanya sawasawa kwa moyo uliosinzia. Ila herufi moja iliyokaa mahali pasipo pake iliniondolea usingizi, na kuitafuta hakukunichosha. Mwenzangu aliyeketi meza ya pili alikuwa kinyume changu. Senti kumi zikipungua katika hesabu ya mwisho wa mwezi alisahau chakula, akazifuata ukurasa baada ya ukurasa, na alipozipata uso wake uling'aa kwa furaha ambayo mshahara haukupata kumtia. Meza zetu zilikuwa sawa, ujira wetu ulikuwa sawa, na heshima tuliyopewa mitaani ilikuwa sawa. Lakini yeye alikuwa amefika, na mimi nilikuwa bado njiani. Hapo ndipo nilipojua kwamba watu wakisema kazi fulani ni nzuri husema nusu ya maneno, kwa sababu nusu iliyobaki ni nzuri kwa nani.

Palikuwa na kiwanda kidogo cha kupigia chapa karibu na soko, ambako shamba letu lilichapisha fomu zake. Fundi wake alikuwa mzee aliyejifunza kazi kwa watu waliojifunza katika mitambo ya misheni, na alipenda kukumbusha kwamba ufundi ule ni mkongwe katika pwani yetu: kwamba Askofu Steere alipiga chapa vitabu vya Kiswahili Unguja katika karne ya kumi na tisa, kwamba gazeti la Kiongozi lilitoka papa hapa Tanga zama za Wajerumani, na kwamba Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilisomwa kwa sauti mabarazani mpaka karatasi ikachakaa. Nilipomwendea nilisema, "Shikamoo, fundi. Nataka kujifunza kupiga chapa." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanitazama kwanza mikono, kisha uso. "Kila kijana anayekuja hapa," akasema, "hutaka kushika mtambo, maana mtambo una kishindo na karatasi hutoka imeandikwa. Hiyo ndiyo raha ya kazi, nayo huja mwisho. Wewe njoo jioni, urudishe herufi."

Yafaa nieleze maana ya kurudisha herufi, kwa kuwa vijana wa leo hawakuiona kazi hiyo. Kila herufi ilikuwa kipande cha risasi, na herufi zote zilikaa katika masanduku mapana yaliyogawanywa vyumba vidogo vidogo. Mpangaji alizichukua moja moja, akazitia katika kifaa cha chuma alichokishika mkono wa kushoto, akijenga mstari baada ya mstari. Na ukurasa ulipokwisha kuchapwa, herufi zile maelfu zilikuwa lazima zioshwe wino, zitenganishwe, na kila moja irudi chumbani mwake. Masanduku yetu yalitoka Uingereza, nayo yaligawanywa kwa mujibu wa lugha ya huko, ambayo hutumia e kuliko herufi nyingine zote. Chumba cha e kilikuwa kikubwa kupita vyote na kilijaa tele. Kiswahili hutaka a. Ukianza kupanga habari ya Kiswahili, hujafika mbali ila a zimekwisha, na k na w ziko mbioni kwisha, huku e zimelala bila kazi. Hivyo ukurasa wa pili haukuweza kupangwa mpaka wa kwanza uchapwe na kubomolewa. Kwa sababu hiyo mrudisha herufi, aliyekuwa mdogo kuliko wote kiwandani na ambaye kazi yake haikuonekana katika karatasi yoyote, ndiye aliyekuwa ameshika mwendo wa kiwanda kizima.

Nilikwenda jioni baada ya jioni, nimetoka ofisini, nikaketi kwenye kigoda mbele ya sanduku. Fundi alinifundisha kuosha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa kuwa risasi ni sumu, na alinifundisha kuzisoma herufi zikiwa juu chini, kama zinavyokaa mkononi mwa mpangaji. Akaniwekea mbele yangu n na u. "Hizi zikipinduka hufanana," akasema, "na zikibadilishana mahali, nchi inakuwa uchi. Mtu akisoma gazeti hatamlaumu aliyeliandika, atatulaumu sisi." Vijana wengine waliokuja kujaribu kazi ile waliondoka upesi, nami siwalaumu, kwa sababu kweli ilikuwa kazi ya kuumiza macho na ya kurudia jambo moja pasi na sifa. Lakini mimi nilistaajabu kuona taa inawashwa nikadhani bado ni alasiri. Nilikuwa ngamani, nami sikutaka kutoka. Maneno ya mjomba yalinirudia kwa nguvu, na kutoka jioni zile sikuhitaji mtu wa kuniambia njia yangu inaelekea wapi.

Njia kuijua ni jambo moja, na kuifuata ni jingine, kwa maana palikuwa na baba. Nilipompasha habari kwamba nataka kuiacha meza niende kwenye risasi na wino, kwa ujira mdogo kuliko niliokuwa nao, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mchagua jembe si mkulima." Sikushindana naye. Nilibaki ofisini mchana na kiwandani jioni mpaka fundi alipoweza kuniahidi mshahara wa kuiangalia nyumba yetu, na katika muda huo nilimwomba baba aje ajionee. Akaja, akatazama masanduku, akatazama mtambo, akaishika mikono yangu iliyotapakaa wino akaigeuzageuza. Nilidhani atasema kwamba imechafuka kuliko ya karani. Aliniuliza neno moja tu: "Mgongo wako je?" Nikamjibu kwamba hauumi. Akasema, "Basi fanya kazi yako." Siku ile niliielewa dua yake ya miaka mingi: meza na koti yalikuwa majina tu aliyokuwa nayo ya kutajia kitu kimoja, mtoto asiyebebeshwa marobota. Kijana akizuiwa na wazazi asikimbilie kuwaona maadui wa mustakabali wake. Na aulize kwa staha wanaogopa nini hasa, maana hofu yao ikishajulikana huenda ikajibiwa, na baraka zikapatikana bila ugomvi.

Kuhusu methali ile, naiheshimu mpaka leo, nayo ina mahali pake. Imetungwa kumkemea mvivu, yule ambaye kila jembe analopewa ni zito na kila shamba lina mawe. Yeye hutafuta kazi isiyo na taabu, na kwa kuwa Mungu hakuumba kazi ya namna hiyo, atazunguka mpaka jua lichwe. Ninayemsemea mimi ni mtu mwingine, anayetafuta taabu anayoiweza. Mwalimu ana taabu ya kurudia somo lile lile kwa mtoto yule yule asiyeelewa. Muuguzi ana taabu ya usiku na ya vilio. Mvuvi ana taabu ya kurudi na nyavu tupu. Mwanasheria ana taabu ya kusoma makaratasi marefu yasiyo na ladha. Raha za kazi hizo, shukrani, samaki, ushindi wa barazani, kila mtu huzitaka, na kwa hivyo kuzitaka hakumfundishi mtu lolote juu ya nafsi yake. Taabu ndizo zinazotutenga na kutupambanua. Ile ambayo wenzako huikimbia na wewe ukaistahimili bila ya kinyongo, ukitaka kuifanya vizuri hata pasipo na mtu wa kukuona, hiyo ndiyo inayokuonyesha mwelekeo wako.

Yupo atakayesema kwamba yeye ana watoto na wazazi wa kuwaangalia, na kazi inayomridhi moyo haimpi riziki. Hoja hiyo ni ya haki, nami nina mfano wa kumfariji. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hata 1944, na baadaye akaendelea kuutumikia ukarani katika idara nyingine za serikali. Vitabu ambavyo kwavyo tunamkumbuka aliviandika akiwa ni mtumishi wa ofisi. Hakuingoja dunia imlipe kwanza kwa ushairi ndipo atunge. Kazi moja ilimpa posho, nyingine akaipa yeye usiku wake, na hakuna aliye na akili leo atakayesema kwamba alikosa njia. Mwingine ni Siti binti Saad wa Fumba huko Unguja, aliyekulia katika ufinyanzi na kuviuza vyungu akivinadi kwa sauti. Sauti ile ile iliyonadi vyungu ikaja kusomeshwa uimbaji mjini, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri. Kwa Siti, kipawa kilikuwa kimefichika ndani ya kazi ya kwanza, kikingoja kutambuliwa. Basi aliyeshikwa na kazi asiyoipenda asiidharau wala asiitupe kwa pupa. Na aitazame vizuri, huenda ndani yake mna kipande kimoja anachokifanya kwa moyo, kama mimi nilivyoipata herufi ndani ya daftari la mishahara.

Nililiona jambo la mwisho katika utu uzima wangu. Mitambo ya risasi iliondoka. Zikaja filamu na sahani za chapa, kisha zikaja kompyuta, na masanduku yetu yakauzwa kwa kilo, herufi zikayeyushwa. Baadhi ya wenzangu walisema kazi imekufa, na kwa yule ambaye mapenzi yake yalikuwa kwa chuma na kishindo cha mtambo, ilikuwa imekufa kweli, nami niliwasikitikia kwa dhati. Lakini kilichoniweka mimi macho tangu ujana wangu kilikuwa neno lililokaa vibaya, na neno lililokaa vibaya halikuondoka na risasi. Liliingia katika kompyuta likiwa zima. Niliendelea kusahihisha miswada katika kioo kinachong'aa kwa macho yale yale niliyoyazoeza kwenye kigoda. Kwa sababu hiyo nawanasihi vijana wa zama hizi, ambazo vyombo vya kazi hubadilika mara nyingi katika umri wa mtu mmoja, wasijifunge na chombo. Wajue ndani ya kazi ni kitu gani hasa kinachowashika, kuponya, kupima, kueleza, kupatanisha, kutengeneza kilichovunjika, kwa kuwa hicho chaweza kuhama nao kutoka chombo hiki mpaka kile.

Kwa wazazi na walimu nina ombi. Msimwulize mtoto atakuwa nani atakapokuwa mkubwa, kwa maana atawajibu kwa jina la mtu mwenye heshima aliyemwona jana. Mpelekeni akakae jioni chache gereji, kliniki, shambani, ofisini, dukani kwa fundi cherehani. Msimwombee apewe sehemu ya kupendeza, mwombeeni ngama. Mwacheni afue maji. Akitoka, msimwulize kama amefurahi, mwulizeni kama angependa kurudi kesho. Na wewe kijana, unapomwendea mwenye kazi unayoitamani, usimwulize anapata kiasi gani wala anaheshimiwa vipi. Mwulize ni jambo gani linalomchosha kila siku, kisha umsikilize mpaka mwisho, na kama baada ya kusikia yote bado mikono yako inawasha kutaka kuanza, anza.